Seli Isiyo na Mshono

Alwine Forkel alikuwa fundi wa wanasesere, na katika bonde lile lote hakuna aliyewahi kuuona mshono wake. Wenye wivu waliutafuta. Selma Bauersachs, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, siku moja alimvua mwanasesere nguo zote, akamgeuzageuza dirishani, akampapasa mbavu kwa ncha ya ulimi. Eh, kwa ulimi! Hakuupata.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Karatasi kuukuu hulowekwa, hupondwa pamoja na chokaa na gundi mpaka iwe kinyunga, kisha hushindiliwa kwenye kalibu. Mwanasesere hutoka vipande viwili, mbele na nyuma. Vikikauka vinaunganishwa kwa gundi ya mifupa, juu ya maungio unapita utepe wa karatasi laini, halafu msasa, halafu rangi. Hapo kwenye maungio ndipo fundi anapojulikana. Kila Jumamosi wanawake wote walishuka mjini na matenga mgongoni hadi ghalani kwa tajiri, na karani akapitisha dole gumba shingoni na ubavuni mwa kila mwanasesere. Dole likikwama, anatamka neno moja tu, "Mshono!" na mwanasesere anarudi tengani mbele ya macho ya wenzako. Alwine hajawahi kutamkiwa neno lile. Alikuwa na mdomo, na alikuwa na haki ya kuwa nao.

Mumewe alikuwa mpiga msasa. Lile vumbi jeupe la chokaa lilimla mapafu kidogokidogo, miaka na miaka, mpaka siku ya kumzika jeneza lilibebwa na wanaume wawili wasitoe hata jasho. Walipotoka makaburini Alwine alimtazama mwanawe wa pekee, Reinhold, aliyekuwa na kifua chembamba kama cha baba yake na kikohozi kilekile cha asubuhi. Akasema, "Huyu hatakula vumbi." Akampeleka chuo cha ualimu. Wanawake wa bonde walicheka. Mtoto wa mshindilia kalibu awe mwalimu? Akavaa kola? Alwine aliwaacha wacheke, akazidi kushindilia.

Reinhold alimaliza chuo, akapewa shule ya Kaltenrod, kijiji cha juu mlimani. Lakini alikuwa mwalimu wa majaribio, na wa majaribio si mwalimu mpaka mkaguzi akae darasani amsikilize. Mkaguzi alishakuja mara moja. Reinhold akafundisha habari za maua kwa maneno matupu, watoto wakalala macho wazi, mkaguzi akaondoka bila hata kunywa kahawa. Sasa anarudi Alhamisi. Hii ndiyo ya mwisho. Akishindwa, anavua kola, anashuka bondeni, anaketi kwenye kiti cha baba yake, anashika msasa.

Jumapili, wakati mabonge ya viazi yakichemka jikoni, Reinhold aliingia na mchoro mkononi. Hakuvua hata koti.

"Mama, nataka unitengenezee kitu."

"Karibu kwanza. Kitu gani?"

"Seli."

Alwine alishika mchoro akauweka mbali na macho. Aliona sanduku lenye mistari, na ndani yake madoa. "Hili ni nini, jumba la kuku?"

"Ni kipande kidogo kabisa cha kitu kilicho hai. Chuoni tulikiona kwa hadubini, kwenye ngozi ya kitunguu. Shuleni kwangu hadubini hakuna. Kila jani limejengwa hivi, vipande kwa maelfu, kama matofali. Na sisi pia."

"Sisi nani?"

"Wewe. Mimi. Selma."

"Selma naweza kukubali," alisema Alwine. "Haya, nieleze. Polepole, na usinifanyie ualimu."

Reinhold akaketi. "Huu wa nje ni ukuta. Mgumu. Mmea hauna mifupa, ukuta huu ndio unausimamisha. Sisi hatuna ukuta, mmea unao. Ndani ya ukuta kuna utando, mwembamba mno, huu tunao sote. Kazi yake kuchagua. Maji yapite, chakula kipite, taka zitoke, kingine kisiingie."

"Karani wa tajiri."

"Kama karani, ndiyo. Ndani ya utando kuna ute, umejaa kila mahali, unatembea polepole na kubeba vitu. Hivi vya kijani ndivyo majiko. Vinapokea jua, vinapika sukari kwa maji na hewa. Na huu mkubwa katikati ni mfuko wa maji. Ukijaa, unasukuma kila kitu ukutani, jani linasimama imara. Ukipungua, jani linalegea, kama saladi iliyosahauliwa mezani."

"Na hiki kibonge?"

"Hicho ndicho kiini. Hicho ndicho chenye amri. Kimebeba maagizo yote ya namna ya kuwa kitunguu na si kabichi. Seli ikitaka kuwa mbili, kwanza kiini kinagawanyika, kila moja inabaki na maagizo kamili."

Alwine alikitazama sana kile kibonge. "Basi ni kalibu," alisema. "Kalibu ya kutolea kalibu. Mbona umekitupa pembeni? Kitu cha heshima kinakaa katikati, kama uso."

"Mfuko wa maji umekisukuma, Mama. Kikae kando."

"Kinakaa vibaya."

"Kikae vibaya hivyohivyo! Mkaguzi anajua kinapokaa." Kikohozi kikampanda, akainama mpaka kikapita. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na jambo kubwa kuliko yote, ni lazima ifunguke. Nitawaonyesha ukuta, halafu nitainua ukuta wa juu kama kifuniko, waone ndani. Isipofunguka, nitakuwa nimesimama pale na sanduku."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Jumatatu alianza. Hakushindilia hata mguu mmoja wa mwanasesere. Kalibu ya kitu kile haikuwapo duniani, akaitengeneza kwa udongo, kubwa kama begi la safari, pembe zimeviringwa. Ukuta wa chini akautoa mnene, wa juu vilevile. Kwa kiini alichukua tufe la kichwa cha mwanasesere kabla halijapata pua, akalipaka zambarau iliyoiva. Vya kijani alivifinyanga kwa vidole kama dengu, akavikausha juu ya jiko la chuma. Kwa mfuko wa maji alikwenda kwa mchinjaji akaomba kibofu cha nguruwe, akakipuliza kwa mdomo wake mwenyewe, akakipaka vanishi ya samawati. Ute akaufanya kwa gundi safi, akaimimina ikaganda kama mchuzi wa miguu ya nguruwe, inang'aa, unaona mpaka chini. Na utando aliutoa kwenye karatasi ya hariri iliyokuwa ya kufungia wanasesere wa kwenda Amerika, akaipaka mafuta, akaitandaza ndani kote na juu ya kila kitu, nyembamba hata pumzi iliichezesha.

Kiini akakiweka kando. Alikinung'unikia, lakini alikiweka.

Jumatano mchana Selma aliingia na brashi yake ya kuchorea nyusi, akasimama mikono kiunoni.

"Mama Forkel, unamzika nani? Mbona jeneza la sungura?"

"Ni seli, usiyejua kitu. Na wewe umejengwa nazo."

"Mimi? Na nguo zangu zote?"

"Mle ndani kuna majiko. Na kuna karani mlangoni."

"Kama ni yule wa Jumamosi, basi nimekwisha."

Wakacheka. Selma akavuta kiti, akaanza habari za binti wa mwoka mikate na yule kijana wa reli, habari ndefu isiyo na mkia. Alwine alikuwa akisikiliza na kuitikia. Kifuniko kilikuwa juu ya sanduku, na kwa unyevu wa siku ile kilikuwa kimepinda kidogo, kimeacha ufa wa kuingiza ukucha. Ule ufa ulimwasha macho. Mkono wake ukachukua brashi. Brashi ikachovya gundi. Gundi ikazunguka. Mkono ukachana utepe wa karatasi laini, ukaulaza, ukaupitia kwa kidole gumba kama ulivyofanya maisha yote, na Selma akisema "halafu baba yake akatokea," msasa ukapita, na rangi ya jani changa ikafuata, mara moja, mara mbili.

"Kimependeza," Selma alikiri alipokuwa akiondoka. "Mshono hauonekani."

"Wangu hauonekani," alisema Alwine.

Alhamisi alfajiri alilifunga sanduku kwa kitambaa cha nta, akalitia tengani, akalipachika tenga mgongoni, akashika njia ya mlimani. Theluji ya majimaji ilikuwa ikianguka kimshazari. Njia ya Kaltenrod inapanda katikati ya misonobari, na chini ya majani makavu barafu ilikuwa imejificha, mguu haujui utakapoishia. Alipanda akishika vigogo. Mzigo haukuwa mzito, lakini aliubeba kama mtu abebaye yai.

Palipo na jiwe la mpaka aliegemea kupumua. Akaingiza mkono chini ya kitambaa kuhakikisha kifuniko hakijasogea. Kidole kikapita ubavuni. Laini. Kikapita ubavu wa pili. Laini. Kikazunguka pembe, kikarudi kilikotoka.

Akaikumbuka brashi ya jana.

Alilitua tenga kwenye matope. Akapapasa tena, kwa mikono miwili, kwa haraka, halafu polepole, kama kipofu. Hapakuwa na mshono. Alikuwa ameuziba mwenyewe, na alikuwa ameuziba vizuri. Akajaribu ukucha, ukucha ukavunjika. Akajaribu pini ya nywele, pini ikapinda. Kisu kilikuwa nyumbani juu ya meza, kando ya kikombe cha Selma. Hata angekuwa nacho, kufungua hapa njiani ni kuulisha mvua ule utando na ile gundi. Vingegeuka uji kabla ya kufika juu.

"Mkono mpumbavu," aliuambia mkono wake wa kulia. "Mkono mpumbavu, mpumbavu."

Akalipachika tenga akaanza kukimbia, kama mwanamke wa umri wake anavyoweza kukimbia kwenye barafu. Alikuwa na tumaini moja, amwahi Reinhold kabla ya mkaguzi, waombe kisu kwa jirani yeyote, wafungue taratibu karibu na jiko. Akateleza, akaangukia magoti, tenga akalikinga. Akainuka. Kengele ya kanisa la Kaltenrod ikaanza kulia akiwa bado hajauona mnara.

Mbele ya shule gari la farasi lilikuwa limekwisha simama, na farasi alikuwa amefunikwa blanketi. Mkaguzi amewahi.

Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Watoto wamekaa wima kama misumari. Nyuma, kwenye kiti kilicholetwa kutoka nyumbani kwa mchungaji, alikaa Dokta Thieme, mkaguzi wa shule, mwanamume mkavu mwenye saa ya mfukoni wazi kwenye goti. Reinhold alikuwa ameanza. Alipomwona mama yake mlangoni, na maji yakimtiririka, uso wake uling'aa kama wa mtu aliyetupiwa kamba mtoni.

"Na hiki hapa ndicho nilichokuwa nikiwaambia," alisema. "Lete, Mama. Asante. Weka hapa mezani."

"Reinhold," alisema Alwine kwa mnong'ono.

"Baadaye, Mama."

"Reinhold, sikiliza..."

"Bi Forkel," sauti ikatoka nyuma, bila kupanda, "somo limeanza. Tafadhali uketi au utoke."

Aliketi. Lilikuwa benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. Reinhold akafunua kitambaa, na darasa zima likavuta pumzi, maana kwa kweli kitu kile kilikuwa kizuri. Wote mle walikuwa watoto wa watengeneza wanasesere, walijua kazi wakiiona.

"Huu ni ukuta wa seli," alisema Reinhold. "Gonga, Lisbeth. Ukoje?"

"Mgumu, Mwalimu."

"Unafanya kazi gani?"

"Unausimamisha mmea."

"Vizuri. Sasa tutauinua tuone utando na vyote vilivyomo."

Akaweka vidole pembeni mwa sanduku. Alwine aliviona vidole vikitafuta. Vilipita ubavuni, vikasimama, vikarudi. Reinhold akaligeuza sanduku upande wa pili, akitabasamu bado, tabasamu ambalo halikuwa na mtu ndani yake. Mtoto mmoja akacheka puani. Mkaguzi akainua saa yake.

"Kuna tatizo, Bwana Forkel?"

"Hapana, Bwana Mkaguzi. Dakika moja."

Akaanza kukohoa. Akageukia ubao, akakohoa kwa mgongo, na Alwine akausikia ule mlio wa ndani, mlio wa baba yake mtu. Akakiona kile kiti nyumbani. Akaliona vumbi.

Akasimama.

"Nimeliziba," alisema.

Vichwa vyote viligeuka. "Umesemaje?" aliuliza mkaguzi.

"Nimesema nimeliziba. Mimi. Aliniambia lifunguke, akaniambia mara mbili, nami nikalipiga gundi na utepe na msasa. Yeye hana kosa."

"Kwa nini uzibe kitu ulichoagizwa kifunguke?"

Alwine alinyoosha shingo. "Kwa sababu mimi ni fundi, Bwana Mkaguzi. Fundi haachi mshono."

Watoto wakaangua kicheko. Hawakumcheka yeye. Kila mmoja alikuwa amekula kofi nyumbani kwa ajili ya mshono. Lakini Dokta Thieme hakucheka. "Mwalimu," alisema, "hujaribu vifaa vyake kabla ya kuingia darasani. Hilo ni kosa la mwalimu, si la mama yake." Akaandika kitu. Kalamu yake ilisikika.

Reinhold aligeuka kutoka ubaoni. Alikuwa mweupe, ila masikio tu. Alimtazama mama yake, akatazama lile sanduku.

"Nani ana kisu?" aliuliza.

Visu vilitoka mifukoni. Akachukua kimoja, akakishika juu ya sanduku, mkono ukasita. Hakuna mtu katika bonde lile aliyewahi kutia kisu kwenye kazi ya Alwine Forkel.

"Kata," alisema Alwine. "Kata, mwanangu, unangoja nini?"

"Sijui mshono ulipo. Nikikosea nitachana vyote vya ndani." Na hapo akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu avae kola. Aliinamisha sikio juu ya sanduku kama baba yake alivyokuwa akifanya, akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Sauti ya uwazi. Akashuka kidogo. Ko, ko. Mahali penye gundi sauti hufa. Kila mtoto wa bonde analijua hilo kabla hajajua kusoma, na darasa zima likainuka kwenye madawati.

"Chini zaidi, Mwalimu!"

"Umepita! Rudi!"

Ko, ko, tu.

"Hapo!" walipiga kelele wote. "Hapo! Hapo!"

Kisu kikazama. Kilisaga, kikagoma, Reinhold akakisukuma kwa uzito wa bega. "Mnaona unavyopigana?" alisema huku akihema. "Ndiyo kazi ya ukuta. Mtu angekukata wewe, Lisbeth, angekutana na upinzani huu?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi sina ukuta."

"Una nini?"

"Utando tu."

Kifuniko kikainuka na kingo zake zikiwa zimechanika vibaya. Alwine alifumba macho, kisha akayafumbua. Ute ulikuwa unang'aa. Kiini kilikaa kando. Lakini ncha ya kisu ilikuwa imepita mbali, na kwenye ule utando wa hariri kulikuwa na tundu, na joto la jiko likaanza kulainisha gundi, tone likachungulia tunduni, likashuka mezani.

Reinhold angeweza kuliziba kwa kiganja. Hakuliziba. Akasogea pembeni wote walione.

"Utando umechanika," alisema. "Kazi yake ilikuwa nini?"

"Kuchagua kinachoingia na kinachotoka!"

"Sasa nani anachagua?"

Msichana mmoja wa nyuma, ambaye mkaguzi alikuwa karibu amkanyage kiatu, alisema polepole, "Hakuna. Kila kitu kitatoka tu. Itakufa."

"Na kiini? Si ndicho chenye amri? Kiko kizima, mnakiona."

"Kitamwamuru nani?" alisema yule msichana. "Nyumba imemwagika."

Baada ya hapo hakuna aliyelala. Walizunguka meza, wakauliza kwa nini majiko ni mengi na kiini ni kimoja, wakabonyeza kibofu, na Reinhold alipokitoboa, kikasinyaa kwa mluzi, wakapiga kelele kwamba jani limelegea. Mkaguzi aliinuka, akaja mezani, akatazama ndani muda mrefu. Kisha akawatuma watoto nje.

"Bwana Forkel," alisema darasa lilipobaki na watu watatu. "Kifaa hakikujaribiwa. Nimeliandika hilo, na sitalifuta. Lakini watoto wanaijua seli. Naandika: inatosha."

Reinhold akashika ukingo wa meza. Inatosha ni kupita. Inatosha ni kola yake mpaka uzee.

"Inatosha?" alisema Alwine. "Inatosha tu? Umekitazama vizuri kile kitu?"

"Mama!"

Dokta Thieme alivaa kofia. "Nimekitazama, Bi Forkel. Kiini kimekaa mahali pake. Wengi hukiweka katikati." Akatoka kwenye theluji.

Jumamosi ghalani kwa tajiri wanawake walipanga foleni na matenga yao. Karani alichukua mwanasesere wa Alwine, akapitisha dole gumba shingoni, ubavuni, chini, akamweka upande wa waliokubaliwa bila neno. Nyuma yake Selma alimgusa bega.

"Mwanao kapita?"

"Kapita."

"Na jeneza la sungura?"

Alwine alirekebisha kamba ya tenga. "Liko shuleni, dirishani, limebaki wazi. Lina mshono mbaya kuliko yote niliyowahi kufanya. Nenda ukauone, na ulimi wako."

Karani akainua kichwa kusikia neno lile, mshono. Alwine akamtazama usoni mpaka akainamia tena kazi yake.